Kipande cha Maalim Kilichokwenda Loresho

Nyinyi vijana mnaobeba lile boksi sasa, kitu cha kwanza nitakachowaambia ni hiki: msiendeshe kama mtu aliyebeba mayai. Endesheni kama mtu aliyebeba aiskrimu ya wenyewe. Yai likitulia halina haraka. Nyama ya uvimbe iliyotoka mwilini mwa mtu ina haraka hata ikitulia.

Nimeombwa niwaandikie kwa sababu nimestaafu, na kijana aliyerithi pikipiki yangu ameshafikisha maji mahali palipotakiwa barafu. Simcheki. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la nne, halafu shule na mimi tukaachana bila ugomvi. Kwa hivyo haya ni yale niliyoyaona kwa macho, pamoja na yale niliyoelezwa mpaka aliyenieleza akachoka.

Kazi yenyewe mnaijua. Unachukua kipande cha uvimbe hospitalini, huku town, unakifikisha maabara ya utafiti, Loresho. Mimi mtu wa Dagoretti Corner, nimezoea kelele, na Loresho, mtaa wa matajiri, ilinichukua muda. Kule watu hawaonekani. Ukitaka kuuliza njia unaongea na geti, na geti linakujibu kwa Kiingereza.

Bosi wangu alikuwa Daktari Manjit, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Ngara, mfupi, miwani kwenye paji la uso na nyingine shingoni. Aliniita mzee tangu siku ya kwanza, wakati bado nilikuwa na nywele zote. Siku hiyo aliniambia, "Wewe mzee, chukua kipande, weka kwa barafu, leta." Mimi nikajua barafu ni barafu. Nikapitia kwa muuza samaki, akanijazia. Nilipofika Loresho Daktari akafungua boksi, akatazama, akalifunga tena.

"Hii supu mimi nafanya nini nayo?"

Ndiyo nikaonyeshwa barafu kavu. Haigeuki maji, inatoa moshi mweupe, inapungua kimya kimya mpaka inaisha. Msiishike kwa mkono mtupu, inaunguza kuliko sufuria. Msifunge kifuniko kikabana kabisa, maana ule moshi ni gesi, na gesi isipopewa mlango inajitengenezea. Na askari wa geti akiuliza, mwelezeni mapema. Mimi sikumweleza. Askari mmoja mpya aliona moshi ukitoka nyuma ya pikipiki, akaamua ninaungua, akaleta ndoo ya maji akaimwaga ndani ya boksi. Sijui kama mmewahi kumwagia barafu kavu maji. Barabara yote ilipotea. Mama mmoja akatoka nje na gauni la kulalia akauliza kama ni ile dawa ya mbu ya serikali, na kama tutaingia pia ndani ya nyumba.

Nilimwambia hapana. Alionekana kusikitika.

Zamani, kabla yangu, kazi hii haikuwa na mbio. Kila kipande kilitiwa kwenye formalini, ile dawa ya kuliza macho, na ukishakitia humo unaweza kupitia kwa kinyozi. Madaktari walikuwa wanataka kuona sura ya kansa tu. Halafu wakaanza kutaka RNA, na starehe ikaisha. RNA ni kitu dhaifu sana. Hata jasho la kiganja chako lina vitu vinavyoila. Ndiyo maana tunavaa glavu, na ukishavaa hushiki mlango, hushiki simu, wala humpi mtu mkono. Hapo ndipo nilipopoteza marafiki. Mtu anakunyooshea mkono kwenye korido ya hospitali, wewe unaficha wako nyuma kama umeiba. Habari ilifika mpaka Dagoretti Corner kwamba nimepata kazi Loresho na sisalimii tena watu weusi.

Sasa niwaambie habari ya Maalim Badi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko barafu.

Maalim Badi alikuwa mtu wa Lamu aliyeishi Nairobi mpaka akazoea sweta. Alikuwa akisomesha watoto Kurani katika chumba kimoja juu ya maduka, hapo town. Akapata kansa ya figo, na mbegu zake zilikuwa zimeshafika kwenye mapafu. Figo ilikuwa itolewe, lakini kuitoa peke yake kusingemaliza shida. Kulikuwa na utafiti wa dawa mbili, na Daktari Manjit ndiye aliyekuwa akipima nani anafaa kuingia. Alikuja hospitali kumweleza Maalim mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na boksi tupu, nikasikia yote.

"Maalim," Daktari akaanza, "ndani ya mwili kuna kitabu kubwa, hiyo haitoki kwa ofisi. Kazi ikitakikana, ukurasa moja inatolewa kopi, kopi inatumwa. Hiyo kopi ndiyo RNA. Sasa juu ya kopi kuna alama ndogo ndogo. Maneno ni ile ile. Alama ndiyo inasema, hii soma haraka, hii tupa, hii weka kwanza."

Maalim akafikiri. "Kama irabu."

"Irabu ni nini?"

"Vile vialama tunavyotia juu na chini ya herufi. Nina watoto wanaandika herufi sawasawa kabisa, halafu irabu wanatia watakavyo. Ukitazama ubao hauna kosa. Ukisoma, umepotea."

Daktari akavua miwani moja. "Basi kansa ndiyo hiyo mtoto. Kopi ya kusema askari wa mwili waje, adui iko hapa, yeye anaweka alama inatupwa mapema. Kopi ya kusema rudini nyumbani, hakuna kitu, anaweka alama inakaa siku nyingi. Askari wanapita hapo mlangoni, wanaona nyumba ya heshima."

"Na dawa?"

"Moja inaamsha askari. Ingine inashika mkono ya anayeweka alama."

"Zinafanya kazi?"

"Kwa panya, vizuri. Kwa watu, ndiyo tunauliza."

"Na mimi ndiyo swali," akasema Maalim, na akacheka mwenyewe.

Sharti lilikuwa moja. Siku ya kutoa figo, kipande cha uvimbe kigandishwe palepale, kiende Loresho kisomwe zile alama. Zikionekana, anaingia kwenye utafiti. Zisipoonekana, au kipande kikiharibika, hana nafasi, na mtu hana figo nyingine ya kansa ya kujaribia. Maalim akakubali. Mkewe, Bi Rukia, alikuwepo. Aliyekosekana ni kaka yake mkubwa, Bwana Twahir, mwenye duka la vitambaa Biashara Street. Hakuambiwa. Hilo mliweke akilini: mgonjwa akikubali, ulizeni familia nzima kama imesikia.

Siku ya upasuaji nilifika mapema na boksi linatoa moshi vizuri. Nikasimama kwenye korido. Kumbe Bwana Twahir naye alikuwa ameshakuja, na yeye alikuwa na mpango wake. Kwao kiungo cha mtu hakitupwi. Kinafungwa kwenye kitambaa safi kinazikwa. Hospitali wanajua, alikuwa ameshakubaliana nao kwamba madaktari wakimaliza kuitazama figo, atakabidhiwa. Kitambaa alikuwa nacho kwapani, kipya, kutoka dukani kwake.

Sista akatoka na bakuli lililofunikwa. Mimi nikanyanyuka upande huu, Bwana Twahir upande ule.

"Wewe nani," akaniuliza, "na hilo jungu la moshi?"

"Mimi nimetumwa kuchukua kipande, mzee. Kinaenda kupimwa Loresho."

"Loresho!" Aligeuka kumtazama Bi Rukia. "Badi ana nani Loresho?"

"Ni maabara, shemeji," akasema Bi Rukia.

"Figo inazikwa yote. Nimeshaongea na mchimba kaburi. Nimwambie nini, nusu iko safarini?"

Sista akasema, "Nyinyi mkimaliza mniambie. Mimi nimeshika bakuli."

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho ndani ya glavu. Kipande kikishatoka mwilini, RNA inaanza kukatikakatika. Kikiingia kwenye barafu kavu kinalala, hakuna neno. Lakini kilikuwa hakijaingia. Kilikuwa kwenye bakuli, katikati yetu, kinasikiliza. Na mwenyewe alikuwa ndani, amelazwa na dawa ya usingizi, hajui kwamba nafasi yake inayeyuka koridoni.

"Bwana Twahir," nikasema, "hiki kitu kina haraka."

"Ndugu yangu si samaki."

"Shemeji, Badi alikubali mwenyewe," akasema Bi Rukia. "Nilikuwepo."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungefanya hivi unavyofanya."

Bwana Twahir alikitazama kitambaa chake, kisha akanitazama mimi. Sauti ilikuwa imeshuka. "Na hicho kipande, kitarudi?"

Sista alitazama ukuta. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuahidi hata kikombe cha chai katika hospitali ile, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Kitakachobaki nitakirudisha mimi mwenyewe."

"Wallahi?"

"Mimi Mkristo, mzee. Lakini nitakirudisha."

Akasogea. Sista akaingia na bakuli, kipande kikakatwa, kikatiwa kwenye kichupa, kikazikwa ndani ya barafu. Nikaondoka. Waiyaki Way siku hiyo siikumbuki hata kidogo.

Daktari Manjit alipopokea boksi nilimwambia habari ya ahadi. Alikaa kwenye stuli.

"Mzee. Mimi nasaga hii, naweka dawa kali, inakuwa uji ya sumu. Utarudisha uji?"

"Kitakachobaki, nilisema."

"Hakuna kinabaki!"

Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumweleza kwamba kwa watu kitu kama hiki ni kizito, akanikatiza. "Majivu ya baba yangu nilibeba kwa ndege mpaka mtoni, hapa kwa paja. Usinifundishe." Akachukua kisu chake kidogo, akakata kipande cha ukubwa wa haragwe, akakitia kwenye kichupa kingine, akaandika jina la Maalim. "Hii ya ndugu. Hii mimi sigusi." Akakifungia kwenye friza kubwa, ile yenye baridi ya kutisha.

Baada ya hapo Bwana Twahir akawa ananipigia simu. Figo yenyewe hospitali waliitunza, maana alitaka vyote vizikwe pamoja. "Mzee wa Loresho," ananiambia, "ndugu yangu anaendeleaje huko?" Na ndugu yake amekaa hapo karibu naye dukani, namsikia akikohoa.

Sasa, ule usomaji wa kwanza haukukubali. Daktari aliniita akanionyesha kioo cha kompyuta, kana kwamba mimi ningeona kitu.

"Imekatika katika. Sioni alama. Naona takataka."

"Kwa nini?"

"Inaweza kuwa mashine. Inaweza kuwa ilikaa. Sijui, na mtu akikuuliza, wewe pia hujui."

Kilichobaki cha kusoma kilikuwa kimoja, lile haragwe la ndugu. Angeweza kulichukua. Friza ni yake, kisu ni chake, na Bwana Twahir hajui mlango wa Loresho uko wapi. Lakini alikaa pale mikono mapajani. "Ahadi umetoa wewe," akasema. "Enda uongee. Lakini enda leo, orodha ya utafiti inafungwa."

Nikaenda Biashara Street. Bwana Twahir alikuwa nyuma ya kaunta. Maalim alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amekonda, ameshika ubavu, anasalimia kila anayepita. Nikapewa kahawa. Sikuinywa. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa: kipande cha kwanza hakikusomeka, kilichobaki ni kile nilichoahidi kurudisha, na kikisagwa huenda nisirudi na kitu.

Bwana Twahir akachukua kitambaa kilichokwisha kukunjwa akakikunja tena.

"Ni kwa sababu tulisimama pale na kubishana?"

"Sijui, mzee."

"Niambie kweli."

"Hiyo ndiyo kweli. Daktari mwenyewe hajui."

Aliendelea kukunja mpaka kitambaa kikawa kama tofali. Nilitaka sana kumwambia ni mashine. Ingekuwa rahisi kwa watu wote waliokuwa dukani. Lakini nyinyi mnaobeba boksi, msiwe mkibeba na majibu ambayo hamkupewa.

"Kaka," akasema Maalim kutoka mlangoni, "waambie wachukue."

"Niliahidiwa, Badi."

"Ahadi ulipewa wewe. Nyama ni yangu."

"Nyama ni ya Mungu."

"Haya. Na mpaka atakapoitaka, niliyekabidhiwa ni mimi. Wewe hukupewa hata ya kushika."

Mteja mmoja mwanamke aliyekuwa akichagua pazia alilirudisha mahali pake, akatoka polepole. Bwana Twahir alimwacha aende, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kumwacha mteja aende. Alikuwa akimtazama mdogo wake, jinsi kola ya kanzu ilivyokuwa imemkaa mbali na shingo.

"Wakibakisha, wabakishe," akasema mwishowe. "Wasipobakisha..." Akanigeukia kwa ukali. "Na wewe umekaa hapa unangoja nini? Pikipiki haina mafuta?"

Usomaji wa pili nilikaa nje ya mlango wa maabara, kazi ambayo si yangu. Ilichukua muda wake. Nikafagia, nikapanga viti, nikavipangua. Daktari Manjit alitoka na miwani yote miwili usoni.

"Ziko," akasema. "Alama zimejaa kama kunguni kwa godoro. Anaingia."

Nikamwambia pole kwa kazi. Akanionyesha kichupa. Alikuwa amekata kwa ubahili wa ajabu, akabakisha kitu kama punje ya mchele. Alikuwa pia ameongea na wakubwa wa hospitali, wakakubali ipelekwe pamoja na figo.

Sitawadanganya kuhusu hizo dawa. Niliowabebea vipande, wengine uvimbe ulipungua, wengine ulikataa, na wengine mpaka leo hakuna anayejua kusema. Nafasi aliyopata Maalim ilikuwa nafasi ya kujaribu tu. Lakini mwezi uliotangulia hata hiyo hakuwa nayo.

Asubuhi ya mazishi ya ile figo nilifanya kosa ambalo mbeba boksi peke yake ndiye anaweza kulifanya. Niliichukua ile punje, nikaifukia kwenye barafu kavu, nikavaa glavu, nikapiga gia kutoka Loresho kama kawaida, napita katikati ya magari. Nilifika makaburini natweta. Walikuwepo watatu tu: Bwana Twahir na kifurushi chake cha kitambaa, Maalim na fimbo, na mchimba kaburi ameegemea koleo.

"Mzee," akasema Bwana Twahir, "mbona unakimbia? Huyu haharibiki tena."

Nikasimama nikafikiri, nikaona ni kweli.

Kishimo kilikuwa kidogo, kama cha kupandia mche. Mchimba kaburi, aliyeambiwa tu achimbe kidogo bila kuelezwa kinachozikwa, alikuwa ametazama kifurushi, akatazama kishimo, na uso ukawa wa huzuni. Akamwendea Maalim kwa heshima. "Poleni sana. Mtoto alikuwa wa nani?"

"Si mtoto," akasema Maalim. "Ni mimi."

Yule mtu akarudi nyuma hatua, akashika koleo vizuri.

Nilifungua boksi, moshi ukatambaa juu ya nyasi, jambo ambalo halikumsaidia mchimba kaburi hata kidogo. Nikatoa punje kwenye kichupa nikaidondosha juu ya kitambaa. Ilidunda kama kijiwe. Bwana Twahir alifunua, akaiweka pamoja na figo, akafunga. Halafu akasita, kifurushi mikononi.

"Imeganda kabisa," akasema. "Tumzike na baridi hivi? Si tungengoja kidogo ipate jua?"

Ilikuwa hoja ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na elimu yake. Mchimba kaburi alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa na glavu. Mimi nikamtazama Maalim. Maalim alisogea na fimbo yake mpaka ukingoni, akainama kadiri ubavu ulivyomruhusu, akachungulia ndani ya kishimo.

"Mwenyewe niko hapa na sisikii baridi," akasema. "Funika, kaka. Dawa ya kwanza ni saa nane, na Daktari amesema nisichelewe."